Kebo ya shildi, ya amadi na ya mpira mtupu: ipi inadumu majini?

Wadau wa vizimba na pampu habari zenu. Naandika hii kwa sababu kila nikiitwa kufunga pampu au taa kwenye vizimba vya sato huku Ziwa Victoria nakutana na jambo lile lile, mtu kanunua kebo ya shildi kwa bei ya juu kabisa kwa vile kaambiwa dukani kwamba ile yenye wavu wa shaba ndani ndo ngumu, ndo ya majini, haikatiki hata ukiifungia ng'ombe. Hayo maneno yanawagharimu watu hela na yanahatarisha maisha yao, maana kwenye vizimba kuna vijana wanashinda ndani ya maji kusafisha nyavu. Kwa hiyo leo naongelea kebo tatu ambazo napishana nazo kila siku kazini, nasema ipi nampa mteja, ipi namkataza na kwa nini, na nitajitahidi nisiwe mchoyo wa maelezo.

Ya kwanza ni ya mpira yenye shildi. Ukiikata unaona kori nne za shaba za milimita 4 mraba, kila moja na ganda lake, juu ya zote kuna wavu uliosukwa kwa vinyaya vyembamba vya shaba vilivyopakwa bati, halafu ndo linakuja ganda la nje la mpira mweusi. Ya pili ni ya mpira mtupu, ile inayoandikwa H07RN8-F, na hiyo 8 katikati iangalieni sana, maana kuna H07RN-F isiyo na 8 ambayo ni kebo nzuri tu ya kazi za juu, inavumilia mvua na kulowa, ila ya kukaa majini mchana na usiku ni yenye 8. Ya tatu ni amadi, ile ya nyaya za chuma zilizozungushwa pande zote, wengi mnaijua kwa kufukiwa chini kwenda kwenye majengo.

Tuanze na kinachowachanganya watu. Shildi na amadi zote ni chuma kilichofunika kori, kwa macho unaona zinafanana kazi, lakini kila moja imewekwa kwa sababu yake. Shildi ni ya umeme. Iko pale kuzuia kelele za umeme zisitoke wala zisiingie, na kwenye kebo za voltiji kubwa inasawazisha msukumo wa umeme kuzunguka kori ili insulesheni, lile ganda la kori, isichomwe sehemu moja, pia inabeba umeme wa hitilafu kuupeleka ethi, yaani ardhini. Amadi ni ya mwili. Iko pale kubeba uzito, kuvumilia kuvutwa, kugongwa na jiwe, kukanyagwa, kukwaruzwa na nanga ndogo. Ukimwomba shildi afanye kazi ya amadi umemwonea, na atakuonyesha.

Kuna namba moja inamaliza ubishi. Kwenye utaratibu wa Ulaya wa kebo laini, kebo ikiwa kazini hairuhusiwi kuvutwa zaidi ya nyutoni 15 kwa kila milimita mraba ya shaba. Hii yetu ina kori nne za milimita 4, jumla 16, zidisha kwa 15 unapata nyutoni 240, yaani kama kilo 24 hivi za mzigo. Na kwenye hiyo hesabu shildi haiingizwi kabisa, ni kori peke yake. Yaani waliotunga huo utaratibu wameipa shildi nguvu sifuri ya kuvuta. Sasa chukua pampu ya kilo kumi na kitu, weka uzito wa kebo yenyewe, weka na wimbi linalonyanyua chelezo na kukiangusha, hizo kilo 24 zinaisha upesi sana, na kebo ya shildi na isiyo na shildi zinafika kikomo pale pale. Hela uliyoongeza haijakununulia hata kilo moja.

Sasa tuje kwenye kupinda, na hapa ndo shildi inaanza kukurudisha nyuma kabisa. Kwenye kanuni za umeme za Marekani, hizi za NEC, kwa kebo za voltiji kubwa wanasema isiyo na shildi usiipinde kwa nusu kipenyo cha chini ya mara 8 ya unene wake, na yenye shildi au yenye ganda la risasi, ile metali laini na nzito, usishuke chini ya mara 12. Kwa kebo ya unene wa milimita 30 hiyo ni sentimita 24 dhidi ya sentimita 36. Kebo zetu za vizimba ni za voltiji ndogo najua, lakini sababu ni ile ile. Ukipinda kebo, upande wa nje unanyooshwa na wa ndani unabanwa. Mpira unanyooka na kurudi. Shaba nyembamba ikinyooshwa na kubanwa mara nyingi inachoka, inakuwa ngumu, halafu inakatika. Kama shildi ni utepe wa shaba, ule wa kufunga kama bandeji, ndo mbaya zaidi kwenye kupinda, unakunjika na kuacha makunyanzi ambayo hayanyooki tena, ukingo wake unaanza kukwangua insulesheni. Wa kusuka ni afadhali, vinyaya vinateleza vyenyewe kwa vyenyewe, ila nao una mwisho wake.

Na majini kebo haipindi mara moja ikatulia. Ziwa letu hili kwa mtu asiyelijua anaona ni bwawa kubwa, lakini upepo wa mchana ukianza mawimbi yanapiga chelezo mpaka usiku, na kila wimbi ni mpindo mmoja, pale pale kebo inapoingia majini kutoka kwenye fremu. Haipindi mita kumi za kebo kwa usawa, inapinda sentimita chache tu zile zile, maelfu kwa maelfu ya mara. Hapo ndo kebo zote za kuning'inia zinapofia.

Kuna kebo ya shildi nimeifungua ya mfugaji mmoja huku kwetu baada ya breka yake ya kulinda watu, ile ya miliampia 30, kuanza kujizima hovyo. Kwa nje ganda la mpira lilikuwa zima, safi, umelipapasa unaona bado jipya, isipokuwa pale kwenye kibano cha ukingo wa chelezo palikuwa pamelegea kidogo ukibonyeza kwa kidole gumba. Nikapasua ganda kwa urefu kwa kisu. Kwenye mkunjo wavu wa shaba ulikuwa umekatika nusu ya mzunguko, vinyaya vimesimama kuelekea ndani, vyeusi kwa kutu ya shaba na ncha kali, na viwili au vitatu vilikuwa vimezama kwenye ganda la kori ya kahawia mpaka ukikwaruza kidogo unaona shaba ya ndani inang'aa. Hakuna jiwe lililoigonga, hakuna samaki aliyeing'ata. Shildi yake mwenyewe ndo iliyomchoma. Nikapima kwa mega, kile kifaa cha kupima insulesheni, kati ya kori na ethi ikasoma chini ya megaohm moja, na hicho ndo kiwango cha chini kabisa kinachokubalika kwa umeme wa nyumbani, chini ya hapo kebo ni ya kutupa.

Halafu kuna la pili ambalo watu hawalijui. Niliendelea kupasua kuelekea juu, upande wa inveta, ile mashine ya nchi kavu inayolisha pampu umeme, nikakuta wavu umelowa maji mita kadhaa kutoka pale ganda lilipopata upenyo mdogo. Wavu wa shaba unanyonya maji kama utambi wa taa unavyonyonya mafuta, unayapandisha ndani ya kebo mpaka kwenye boksi la juu kabisa ambalo wewe ulidhani liko salama kwa sababu liko nchi kavu. Kebo ya mpira mtupu iliyojazwa vizuri haina hiyo njia pana, maji yakiingia yanaharibu pale pale na ukikata nusu mita mara nyingi umepona. Ya shildi unaweza kukata na kukata na bado unakuta weusi. Kwenye kebo kubwa za baharini wanajaza unga au utepe unaovimba ukikutana na maji ili kuziba hiyo njia, ila kwenye hizi za madukani kwetu bado sijakutana nayo.

Kwa hiyo kebo ya shildi kwa kazi ya kuning'inia kwenye mawimbi naipa nyota mbili kati ya tano. Na nampa hizo mbili kwa haki, kwa sababu ina jambo moja zuri la kweli. Kama imefungwa ethi sawasawa na kitu kikaitoboa kutoka nje, mfano mkuki au ndoano kubwa, kile kitu kinagusa shildi kabla hakijagusa kori, umeme wa hitilafu unarudi kwenye ethi na breka inajizima haraka. Kwa mtu aliye majini hiyo ni tofauti kubwa. Shida ni kwamba shildi ikikatika kwenye mkunjo kile kipande cha chini hakina tena ethi, na hakuna dalili yoyote kwa nje, pampu inapiga kazi kama kawaida na wewe unaamini unalindwa. Ukiwa na kebo ya shildi majini basi pima mwendelezo wa shildi kutoka ncha hadi ncha kila ukifanya sevisi, usiishie kwenye kori tu.

Tuje kwa mpira mtupu, H07RN8-F. Hii naipa nne na nusu. Ni laini, unaikunja begani ukiwa kwenye mtumbwi, ndani kila kori ni vinyaya vingi vyembamba kwa hiyo inavumilia kupinda kuliko zote hizi tatu, na ganda lake limetengenezwa kwa mpira usioachia maji kupenya kirahisi. Inachokosa ni kinga ya kukatwa na kugongwa. Mwamba wenye kingo kali, propela ya boti, ncha ya nanga, hapo haina ubavu. Lakini angalia, hizo ni shida unazoweza kuzizuia wewe mwenyewe kwa ufungaji, wakati kuchoka kwa shildi huwezi kukuzuia maana kuko ndani.

Na ufungaji wenyewe si mgumu. Kwanza kebo isibebe mzigo, hata kidogo. Pampu inaning'inia kwa kamba ya nailoni au waya wa chuma kisichoshika kutu, kebo inafuatana na ile kamba, imefungwa kwa tai kila baada ya mita moja hivi na kati ya tai na tai unaacha kebo imelegea kidogo ili kamba ikinyooka kwa uzito kebo isinyooke nayo. Wengi wanaifunga ikiwa imekaza kwa sababu inapendeza macho, halafu kamba ya nailoni ikilowa na kuvutwa inaongezeka urefu, basi mzigo wote unahamia kwenye kebo kimya kimya. Pili, pale inapotoka kwenye fremu usiiache ikunje kona kali kwenye bomba la chuma, pitisha ndani ya kipande cha hosi ya mpira mnene kama nusu mita, kibano kikae juu ya hosi, mpindo usambae kwenye urefu wote wa hosi badala ya kukaa sehemu moja. Tatu, sehemu inayogusa chini au mwamba ivalishe bomba la HDPE lile jeusi la maji. Kwa hizo hatua tatu umeipa kebo ya mpira kinga ambayo shildi isingeipa hata kwa bei mara mbili.

Kuna na ile bapa, ya kori tatu au nne zilizokaa sambamba, inayokuja na pampu za visima. Kwenye kisima ni nzuri sana, inalala vizuri kando ya bomba na haichukui nafasi. Ziwani mimi siipendi kwa sababu inapinda vizuri upande mmoja tu, wimbi likiijia kwa ubavu inajisokota, na kori za pembeni ndo zinazoumia.

Sasa amadi. Watu wa mjini wakiona imeandikwa chuma wanaona hiyo ndo mwisho wa matatizo. Kwa nguvu za mwili hakuna ubishi, hii ndo yenyewe, unaweza kuilaza kwenye mawe, ukaivuta kwa watu wanne, ukaikanyaga na gari ufukweni. Ila ina tabia tatu za kuzijua kabla hujaizamisha. Moja, amadi ya kawaida ya madukani ya ganda la PVC imeundwa kufukiwa ardhini, haikuundwa kwa ajili ya kulala majini miaka na miaka, maji yatapita ganda taratibu na kufikia chuma. Mbili, ni ngumu, inataka mpindo wa mara 6 mpaka 8 ya unene wake, na hapo ni kupinda mara moja wakati wa kufunga, siyo kupindapinda kila siku. Ukiifunga kwenye chelezo kinachocheza, nyaya za chuma zitachoka na kukatikia kwenye glendi, kile kibano cha kebo inapoingia kwenye boksi, na ncha ya chuma kilichokatika ni mbaya kuliko ya shaba. Tatu, zile nyaya zimezungushwa kuelekea upande mmoja, kwa hiyo ukiivuta kwa nguvu inataka kujisokotoa, na ukilegeza ghafla inajirusha na kuweka kitanzi, halafu ukivuta tena kitanzi kinajikaza kinakuwa mkunjo mkali na kebo imekufa hapo hapo. Ndiyo maana kwenye kebo nyingi za bahari kuu wanaweka tabaka mbili za chuma zinazozunguka pande zinazopingana, moja ikitaka kusokotoka kulia nyingine inaivuta kushoto.

Kwa hiyo amadi naitumia sehemu moja tu, ile ya kulala chini bila kucheza, kutoka boksi la nchi kavu kupita ufukweni penye mawe na mitumbwi mpaka kwenye nguzo ya kwanza. Pale kwenye nguzo naweka boksi juu ya maji, naachana na amadi, naendelea na mpira mtupu kwenda kwenye chelezo. Naipa tatu na nusu kwa kazi hiyo, na moja ukiining'iniza.

Anayeona nazidisha kuhusu umuhimu wa chuma cha nje aangalie ilikoanzia hii kazi. Mwaka 1850 Waingereza walilaza waya wa telegrafu kutoka Dover kuvuka kwenda Ufaransa, shaba tupu iliyofunikwa kwa utomvu wa gutapacha, bila chuma chochote juu. Ilikufa ndani ya siku moja. Mwaka uliofuata wakarudi na kebo iliyozungushiwa nyaya 10 za chuma, hiyo ikafanya kazi miaka mingi. Insulesheni ilikuwa ile ile ya gutapacha, kilichoongezwa ni mwili.

Na kwetu hapa mfano upo karibu. Unguja inapata umeme kwa kebo inayopita chini ya bahari kutoka bara, Ras Kiromoni mpaka Ras Fumba. Wazanzibari wanakumbuka mwaka 2008 giza la karibu mwezi mzima, halafu tena kuanzia Desemba 2009 mpaka Machi 2010, miezi mitatu watu wanaishi kwa majenereta, hoteli zinalia, maji hayasukumwi. Kebo mpya ya kilovolti 132 na megawati 100 ikazinduliwa mwaka 2013, kilomita 37 hivi majini, kwa fedha za MCC, shirika la misaada la serikali ya Marekani. Kebo za daraja hilo zina kila kitu, shildi kwa ajili ya umeme, ganda la chuma lisilopitisha maji, na nje kabisa nyaya nene za amadi, kila tabaka na kazi yake na hakuna tabaka linalojifanya jingine. Hapo ndo ninapotaka wenzangu mpate picha, hata wenye hela ya kuweka kila kitu hawaiachii shildi ibebe mzigo.

Na bado amadi hiyo nayo ina mpaka wake. Februari 2012 nanga ya meli iliikata kebo ya mawasiliano ya TEAMS karibu na Mombasa, na siku ya Krismasi 2024 kebo ya umeme ya Estlink 2 kati ya Finland na Estonia ilikatwa, meli ya mafuta ya Eagle S ikashukiwa kwa kuburuta nanga. Nanga ya meli kubwa ni tani kadhaa na nyuma yake kuna meli nzima, hakuna chuma cha kuzungushia kebo kitakachobishana na hilo, dawa yake ni kuifukia chini ya mchanga na kuzuia meli zisitie nanga hapo. Kwetu vizimbani ni hivyo hivyo kwa kipimo chetu, weka maboya, waambie wavuvi kebo inapita wapi, hiyo ni kinga ya bure.

Kidogo kuhusu ganda la risasi kwa wanaouliza, maana kuna mtu alitaka kuagiza kebo ya namna hiyo kwa ajili ya chelezo. Risasi inazuia maji vizuri sana, ndiyo maana imetumika kwenye kebo za bahari miaka yote hiyo, lakini ni nzito na inachoka haraka ikipindishwa-pindishwa, inapata nyufa. Kwenye mitambo ya upepo inayoelea, kama ile ya Hywind Scotland iliyoanza mwaka 2017 karibu na Peterhead, kebo inaning'inia na kucheza na bahari muda wote, na kwa kazi za namna hiyo wahandisi wanaikwepa risasi. Kebo inayolala na kebo inayocheza ni ndugu wawili wa tabia tofauti kabisa. Kwa chelezo lako, risasi hapana.

Sasa lini shildi inahitajika kweli? Ukiwa na inveta ya sola inayobadili kasi ya pampu, ile inatoa umeme wa kukatakata kwa kasi kubwa, na kebo ndefu inageuka antena. Vipimo vya oksijeni vinaanza kusoma vitu vya ajabu, sensa ya kina cha maji inaruka-ruka, hata redio ya mlinzi inakoroma. Hapo fundi atakwambia weka shildi na hajakosea. Ila kuna njia nyingine ambayo mimi naipenda zaidi, unaweka filta kwenye mdomo wa inveta, nchi kavu kwenye boksi, inalainisha ile mikato kabla haijaingia kwenye kebo. Unapata faida mbili, kelele inapungua sana na pia pampu inapona na voltiji ya kurudi, maana kwenye kebo ndefu ile mikato inagonga kwenye mota na kurudi mpaka voltiji inaweza kufika karibu mara mbili kwenye nyaya za mota. Filta inakaa pakavu haipindi wala hailowi, na majini unashusha mpira mtupu. Ukilazimika kabisa kutumia shildi basi tumia kwenye waya wa sensa, ule mwembamba usiobeba mzigo, pitisha mbali na kebo ya nguvu, na ulegeze vizuri kwenye mpindo.

Wenzangu wa Pwani mna jambo la ziada kwa sababu ya chumvi. Kebo yenye shaba na chuma ndani ya ganda moja, maji ya bahari yakiingia na zile metali mbili zikagusana, chuma kinaliwa kwa kasi kwa sababu shaba inakisukuma kuoza kwanza, zinki ya juu ikiisha basi. Kwenye maji baridi ya ziwa hilo linakwenda polepole zaidi. Kazi niliyoiona Kigamboni kwenye pampu ya maji ya chumvi, nyaya za amadi karibu na glendi zilikuwa unga mwekundu unaupuliza kwa mdomo, wakati sehemu iliyokuwa kavu ya kebo hiyo hiyo bado inang'aa. Kule mimi ningeenda na mpira mtupu ndani ya bomba la HDPE moja kwa moja, chuma nisikiguse.

Bei sasa. Ya shildi huku kwetu inaizidi ya mpira mtupu kwa karibu nusu ya bei, wakati mwingine zaidi, na amadi inategemea na shaba ya siku hiyo. Ukiingia dukani usiulize ipi ngumu, maana utaonyeshwa ya bei kubwa. Omba usome maandishi kwenye ganda kwa urefu wa mita nzima, kuna nyingine zimeandikwa majina yanayokaribiana na H07RN8-F ila siyo, na muuzaji mwaminifu atakutolea karatasi ya kiwanda yenye alama ya AD8, ambayo ndo ya kukaa majini muda wote. Kata kipande kidogo ukiruhusiwa, kunja kwa mkono kwenda na kurudi, mpira mzuri unarudi wenyewe, plastiki iliyopakwa rangi nyeusi inabaki na alama nyeupe kwenye mkunjo. Angalia na ncha za roli, kama zimeachwa wazi sakafuni duka linapofagiliwa kwa maji, hasa ya shildi, mwambie akate mita mbili za mwanzo kabla hajaanza kukupimia, na ukifika nyumbani ziba ncha zote mbili kwa kofia ya mpira au selotepu ya umeme ya kujishika mpaka siku ya kufunga.